Kutafuta bila kupitisha macho

Kila matokeo yakitoka, kazi yangu ilikuwa ndogo: kusimama mbele ya karatasi zilizobandikwa ukutani, kupitisha macho mara moja, na kumwambia mtoto wa watu, "Uko hapa, namba thelathini na moja." Mwaka 2018 kazi hiyo ilinishinda. Nilisimama pale mpaka wanafunzi wakaanza kutazamana. Jina lilikuwa ukurasa wa kwanza, mbele ya pua yangu, na nililipata kwa kidole, nikishuka mstari kwa mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema miwani imechoka.

Miwani haikuwa na kosa. Presha ya macho ilikuwa imenila pembeni kwa miaka, mwenyewe sina habari. Ugonjwa huu kwa wengi wetu hauumi, na huanzia kando, mahali ambapo mtu hana desturi ya kupaangalia. Nilikuwa nagonga bega kwenye miimo ya milango, namwaga chai ya wageni, kisha nawalaumu waliopanga vikombe. Daktari wa Dar es Salaam hakunizungusha: mshipa wa fahamu wa jicho ukishaharibika haurudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Nilikuwa na miaka 46. Jicho la kushoto lilibakiwa na kitundu cha katikati, la kulia ukungu mtupu. Nikarudi Morogoro, nikakaa miezi miwili bila kumwambia mtu yeyote kazini.

Sitaki kuzungumzia matibabu, wapo wenye kuyajua. Nataka kueleza jambo ambalo hakuna aliyenionya. Kusoma ningeendelea kusoma, kwa masikio au kwa vidole. Kitakachoondoka ni kule kupitisha macho: kutazama ubao wenye matangazo ishirini na kujua papo hapo lipi linakuhusu. Na karibu kila tunachotumia kutafutia habari kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepitisha macho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la fedha. Niliuza mabati niliyoyaweka kwa ajili ya jiko la nje, nikanunua simu ya kioo kikubwa kwa shilingi 380,000, nikakuza herufi hadi mwisho. Nilidhani tatizo ni udogo wa maandishi. Kunja daftari liwe bomba, ulitazamie gazeti kwa jicho moja. Sasa fikiria mtu amekuza maandishi ya gazeti hilo mara tatu. Utaona "Wiza", na "ra" iko nje ya bomba. Kwa mwenye uoni wa aina yangu, kukuza kupita kiasi kunapunguza kinachoingia. Kilichonifaa kwa mwaka ule mmoja uliobaki kilikuwa cha bei ya bure: herufi za wastani, maandishi meupe juu ya weusi, na rula ya mbao. Rula nilikuwa naiweka chini ya mstari ili nikirudi mwanzo nisipotee njiani. Ningeuliza kwanza, jiko lingekuwa na paa.

Mwaka uliofuata hata rula ikashindwa. Mwanangu alisikia kwamba simu za Android zina kisoma skrini, yaani programu inayokusomea kwa sauti kilichopo kwenye kioo, kinachoitwa TalkBack, akaniwashia usiku, akaenda kulala. Asubuhi simu imekuwa ya mtu mwingine. Nikigusa, inasema. Nikigusa tena, inasema tena, haifungui kitu. Nikitelezesha kidole kama nilivyozoea, ukurasa hauendi. Mkuu wa shule akapiga, nikashindwa kupokea. Kijana kashaondoka na basi la alfajiri. Nikaipeleka kwa fundi simu mjini, naye hakuwahi kuiona hali ile, akasema ina virusi, akafuta kila kitu. Shilingi 15,000, na namba za wazazi wote wa kidato cha nne zikaenda na maji.

Ningejua hivi: kwenye simu nyingi za Android, njia ya mkato ikishawekwa kwenye mipangilio, unabonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, unavishikilia kama sekunde tatu, kisoma skrini kinawaka au kinazimika. Na ukiwa ndani yake, kugusa ni kuuliza, kugusa mara mbili ni kukubali. Kidole kimoja kikitelezeshwa kulia kinakupeleka kwenye kitu kinachofuata, kushoto kinakurudisha. Kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Mengine yote yanajengwa juu ya hayo. Usimwashie mzee wako halafu ukaenda kulala.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni mwanafunzi wangu wa zamani. Haoni tangu utotoni. Nilipomfundisha alikuwa akiandika nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, kwa mashine iliyokuwa ikigonga kama cherehani, na nakiri hapa kwamba nilimweka nyuma ya darasa ili isinisumbue. Sasa ana kazi yake mjini, na alipopata habari zangu alikuja nyumbani Jumamosi tatu mfululizo, kwa bodaboda, kwa nauli yake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Kiti kiko mkono wako wa kulia."

Hakugusia habari za cherehani. Alichukua simu, akapapasa mipangilio, akakizima kioo kikawa cheusi huku sauti ikiendelea. Nikamuuliza kwa nini ananifanyia hivyo na bado nina kitundu. "Hicho kitundu ndicho kinachokudanganya, Mwalimu. Kila ukisikia neno unataka ulihakikishe kwa jicho. Masikio hayasikilizi, jicho halioni. Chagua moja." Kisha akanishika kidole cha shahada, kama mimi nilivyowahi kushika vidole vya watoto wanaojifunza kuumba herufi, akakitelezesha kulia. Taratibu. "Usibonyeze. Futa vumbi tu." Siku ile sikujifunza zaidi ya kufuta vumbi, na ndiyo siku niliyojifunza mengi kuliko zote. Kioo cheusi kina faida nyingine: kwenye daladala jirani yako haoni unachoandika.

Kitu cha kwanza alichorekebisha kilikuwa sauti. Simu yangu ilikuwa inasoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza. Mji wa Same ulikuwa "seim". "Mke wake" akawa "mke weik". Nilipofiwa na shangazi, meseji zote za pole zilisomwa "poul", nami nikakaa nazo najiuliza watu wananiambia nini. Sauti ya Kiswahili ya Google ipo, inachaguliwa kwenye mipangilio ya kusoma maandishi, ni vyema kuipakua mahali penye intaneti nzuri. Kwenye kompyuta za Windows kuna kisoma skrini kiitwacho NVDA, ambacho ndani yake kina sauti ya eSpeak NG inayojua Kiswahili. Inasikika kama inatokea ndani ya pipa, lakini matamshi inayajua. Mwanafunzi wangu alikuwa ameiweka kwenye kasi ambayo kwangu ilikuwa kama maharage yanayomiminwa kwenye debe. Nami nilianza polepole, na kila mwezi nikaongeza kidogo. Sasa mke wangu ndiye anayelalamika haelewi simu inasema nini.

NVDA haiuzwi. Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, alianza kuitengeneza Australia mwaka 2006. Nalisema hili kwa sababu kuna mtu wa maduka ya kompyuta alitaka kuniwekea kwa ada.

Sauti ikishanyooka, ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa sijui kutafuta. Nilikuwa nataka utaratibu wa mtumishi kustaafu kwa sababu za afya. Nikafungua tovuti ya ofisi fulani, nikaanza kusikiliza toka juu: nembo, Mwanzo, Kuhusu Sisi, Dira, Dhamira, Maktaba ya Picha, Habari Mpya, picha, picha, picha. Dakika 20 sijafika hata kwenye sentensi ya kwanza ya habari yenyewe. Nikibonyeza ukurasa mwingine, wimbo unaanza upya: nembo, Mwanzo, Kuhusu Sisi. Yule kijana alikuwa amekaa kimya anakunywa chai. Mwishowe akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa unatukataza kusoma kitabu kuanzia anwani ya mpiga chapa."

Anayeona anaruka vitu hivyo bila kujua anaruka. Mimi ilibidi nifundishwe kuruka. Kwenye NVDA herufi H inakupeleka kichwa hadi kichwa, tarakimu 1 hadi 6 zinakupeleka kwenye vichwa vya ngazi hiyo, K ni viungo, T ni majedwali. Kitufe cha Insert pamoja na F7 kinakuletea orodha ya viungo au vichwa vyote vya ukurasa, nawe unaandika herufi za mwanzo za unachotaka. Kwenye simu, TalkBack inakuwezesha kuchagua kusoma kwa vichwa, kisha unatelezesha kidole chini, kichwa kimoja baada ya kingine. Matokeo ya Google pia kwa kawaida kila moja lina kichwa chake, kwa hiyo matokeo kumi unayapita kwa miruko kumi. Siku hizi nikifika ukurasa mgeni sisomi kitu. Kwanza naupima: una vichwa vingapi, vinasemaje, kuna jedwali au hakuna. Kama mtu aliyeingia nyumba ya wageni usiku na anapapasa kutafuta swichi kabla ya kutafuta kitanda.

Shida ni kwamba vichwa vipo pale tu mwandishi alipovitengeneza kuwa vichwa. Wengi wanakoleza herufi tu. Kwa jicho hicho ni kichwa, kwa kisoma skrini ni sentensi kama nyingine. Siwezi kuwatukana, maana mitihani yote niliyoichapa kwa miaka 15 niliichapa hivyo hivyo.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Nilitumiwa waraka mrefu kuhusu watumishi, nami nikitaka sehemu ya uhamisho. Nikabonyeza Ctrl na F, nikaandika "uhamisho". Nikapata sehemu mbili, za mwanzo tu, nikadhani ndiyo hayo. Nilikosa ukurasa mzima uliokuwa ukizungumzia "anayehamishwa" na "kumhamisha". Mwalimu wa Kiswahili mimi, nimesahau kwamba maneno yetu yanabadilika kichwani kuliko miguuni. Ukitafuta ndani ya waraka, ng'oa viambishi, tafuta shina. Niliandika "hami" nikapata uhamisho, kuhamishwa, anayehamishwa. Nilipoona "kuhama" imeachwa nikaandika "hama", na hapo nikaangukia kwenye chama. Chama cha wafanyakazi, viongozi wa chama, michango ya chama. Mwenye macho angepita bila hata kujua amepita. Mimi nilisikiliza vyama vyote. Dawa yake ni kuandika "kuhama" yenyewe, kisha "wanaohama", moja moja. Kuna uchovu, lakini unajua ulichopata na ulichoacha.

Kwenye Google ni tofauti kidogo, pale linaloamua ni neno unaloingilia mlangoni. "Presha" peke yake inakupeleka kwenye shinikizo la damu. "Presha ya macho" iliniletea watu wanaouza dawa za miti. "Glakoma", jina la hospitali la ugonjwa huo huo, ikaleta makala chache za Kiswahili zilizotulia. "Glaucoma" ikafungua bahari ya Kiingereza. Jaribu majina yote ya kitu chako kabla ya kusema hakipo.

Nilijaribu pia kuuliza kwa mdomo. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, na kwa maswali ya kawaida ni raha tupu: hali ya hewa, namna ya kufika mahali. Jina la dawa halikuwahi kukubali, nikalazimika kuandika herufi kwa herufi. Na kuna hatari niliyoigundua kwa kuumia. Ukiuliza kwa mdomo mara nyingi unasomewa jibu moja. Huoni kwamba chini yake kuna tisa yanayolipinga, huoni rangi ya ukurasa wala picha ya chupa inayouzwa. Nilisomewa kwamba kuna matone ya mitishamba yanayorudisha uoni. Sauti ni ile ile tulivu inayosoma habari za kweli. Nilituma shilingi 40,000. Sikuyaweka machoni, mke wangu aliyamwaga, lakini fedha ilikwenda. Sasa kila jibu la afya nashuka hadi kwenye jina la ukurasa, nalisikiliza herufi kwa herufi.

Fedha yenyewe ndiyo iliyonifundisha habari ya menyu. Zile huduma za nyota na reli, kisoma skrini kinazisoma zote kwa mkupuo: moja kutuma, mbili kutoa, tatu nini, mpaka tisa. Ukifika tisa umesahau mbili, na ukirudia kusikiliza menyu inakukatia. Nikaona isiwe taabu, nikarudi kwenye kitochi. Kitochi kina vitufe halisi, na kitufe cha 5 kina kinundu kidogo, ukikipata hicho umepata vyote. Nilizikariri njia zangu kama shairi: salio ni hivi, bando ni hivi, kumtumia mtoto ni hivi.

Ilikwenda vizuri miezi minne. Kisha siku moja nikamtumia kijana wangu shilingi 85,000 ya chumba chuoni, nikakosea tarakimu moja. Kioo cha kitochi kilinionyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, kama kinavyofanya siku zote, ila nani wa kulisoma? Nikabonyeza kuthibitisha. Nilipopiga huduma kwa wateja, sauti ikaniambia kwa Kiswahili bonyeza moja. Nikaondoa simu sikioni nibonyeze, nikakosa maneno yaliyofuata, nikarudishwa mwanzo. Mara tatu. Hadi ninampata mtu, fedha ilishatolewa kwa wakala.

Tangu hapo kazi nimezigawa. Kitochi ni cha salio na bando, mambo ambayo nikikosea napoteza shilingi mia tano. Kutuma fedha ni kwa simu inayosema, nikiwa na kisikilizi sikioni, kwa sababu kwenye menyu hizo namba ya siri inaweza kutamkwa kwa sauti na abiria wote wakaisikia. Jina la mpokeaji nalisikiliza mpaka mwisho. Na namba za msaada nazipiga kwa spika, simu ikiwa mezani, mkono ukiwa tayari juu ya vitufe. Mtandao wako ukibadilisha mpangilio wa menyu, na utabadilisha, shairi lote limeharibika. Jaribu kwanza kwa kuangalia salio.

Nukta nundu nilijaribu. Vidole vilivyoanza ukubwani vina ugumu wake, nimebaki na herufi chache za kuandikia lebo. Kwa chupa za matone natumia mipira ya kufungia noti: ya asubuhi mpira mmoja, ya usiku miwili.

Chupa hizo zilinipa ushindi ambao bado najivunia. Ndani ya boksi kulikuwa na kile kikaratasi kilichokunjwa mara kumi, chenye maandishi ambayo hata wenye macho hawayasomi. Nilikitandaza mezani chini ya taa, nikainua simu kiasi cha shubiri mbili juu yake, nikapiga picha, programu ikayatoa maandishi. Nikatafuta neno "asthma" humo ndani. Lilikuwamo: dawa ile, timolol, haifai kwa mwenye pumu. Mimi nilikuwa na pumu utotoni, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nabanwa kifua nikidhani ni vumbi la chaki. Sikumwambia daktari kwa sababu sikuona kifua kinahusianaje na jicho. Nilirudi, nikabadilishiwa. Usiache matone kwa sababu ya nilichoandika mimi, nenda ukaulize, lakini kikaratasi kisomewe.

Njia hiyo ya picha ndiyo inayoniokoa na barua zilizoskaniwa. Kisoma skrini kikifika kwenye waraka ambao kwa kweli ni picha, kinanyamaza, au kinasema hakuna kitu, na mtu mgeni anaamini kweli hakuna kitu. Fomu yangu ya likizo ya ugonjwa ilikaa kwenye simu siku tisa kwa sababu hiyo.

Leo asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa limetumwa tangazo la maji. Simu ikasema, "Picha." Nikaandika kwa adabu: jamani, naomba mmoja aniandikie, siioni. Wakajibu upesi sana. Wa kwanza alituma kidole gumba. Wa pili alituma pole. Wa tatu, mzee mwenzangu, akaituma tena ile picha, safari hii akiwa ameikuza.

Binti wa jirani, wa darasa la sita, akaingia na simu ya mama yake akaandika: "Shikamoo Mwalimu. Maji hayatoki kesho na keshokutwa. Jazeni ndoo leo."

Nimeshajaza nne.